Staa wa Dom, Bastola ya Babu Hukuirudisha Upya. Umeiua!

 Najua mnasubiri muendelezo wa lile sakata la harusi ya Area C, litakuja, msiwe na presha. Leo naomba niwatoe kidogo kwenye udaku wa mapenzi, maana kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili na nisipokitema nitaumwa.

Kuna staa mmoja wa hapa Dom. Jina kapuni, ila wote mnamjua. Yule wa nywele za kupaka rangi, mwenye gari ambalo kila mwezi lina rangi mpya. Jumapili katupia video ya "kabla na baada". Kabla: bastola ya upepo ya kizamani, nyeusi inayoelekea kahawia, ina vidoa vya kutu, mbao ya mshikio imepauka. Baada: dhahabu tupu! Inawaka kama meno ya bandia. Mshikio umepigwa rangi nyeusi ya kung'aa. Muziki unapiga, chawa wanashangilia, na juu ameandika kwa herufi kubwa kwamba ameirudishia muonekano wake ORIJINO.

Mwenyewe anasema ni ya babu yake wa Kongwa, aliachiwa na Mzungu aliyemfanyia kazi zamani zile za mradi wa karanga. Sawa. Mali ya familia, hongera.

Sasa kama angeishia hapo nisingeandika. Watu wanaharibu vitu vyao kila siku na mimi si polisi wa kabati za watu. Kilichoniudhi ni mambo mawili.

La kwanza, katikati ya ile video anamcheka fundi. Kuna mzee mmoja, fundi wa vyuma maeneo ya Majengo, alipelekewa ile bastola kwanza. Akaikataa. Alimwambia, "Mwanangu, hii usiipige msasa, utaifuta." Staa wetu akaenda kwa kijana mwingine, alafu kwenye video akamwigiza yule mzee sauti, anatembea kwa kuinama, anamuita mshamba anayeogopa maendeleo. Mtu wa umri wa baba yako! Shikamoo hukumpa, ukampa jina la mshamba mbele ya maelfu ya watu. Na chawa wakamalizia kazi kwenye komenti, wengine wakataja mpaka anapokaa na kuwaambia watu wasimpelekee vitu.

La pili, sasa imekuwa biashara. Posti ya Jumatatu: leta kitu cha babu au bibi yako, tunakirudisha orijino, malipo nusu kwanza. Na ile bastola anainadi, anataka mamilioni, eti ni orijino kabisa.

Hapo ndipo niliposema hapana.

Tuanze na hilo neno orijino, maana linaonewa sana mjini hapa. Nilienda kwa yule mzee nikamsalimia, nikakaa kwenye benchi lake kama saa mbili. Nilienda kutafuta stori, nikaondoka na somo. Baadaye nikajisomea mwenyewe, na kila alichoniambia nilikikuta.

Vile vyuma vya zamani, ile rangi nyeusi yenye ubluu ndani yake, watu wanadhani ni rangi ya kupaka. Sio. Hakuna rangi pale. Ni chuma chenyewe. Njia mojawapo ya zamani ilikuwa hivi: chuma kinalainishwa mpaka kinateleza, kinaachwa kishike kutu nyembamba kwa makusudi, kinachemshwa kwenye maji, ile kutu nyekundu inageuka nyeusi, fundi anaisugua taratibu, anarudia tena. Na tena. Na tena, mpaka ngozi nyeusi inakaa sawa chuma kizima. Viwanda vingine vilitumia joto au chumvi za moto. Ila kote matokeo ni ngozi nyembamba mno, haifikii hata unene wa karatasi, na kazi yake ni kushika mafuta ili kutu mbaya isiingie.

Sasa fikiria ngozi nyembamba namna hiyo unaipelekea grenda.

Nimeangalia ile video mara tano. Hatua ya kwanza, kailoweka kwenye soda nyeusi usiku mzima, kwa sababu kaona mtandaoni soda inatoa kutu. Ni kweli inatoa kutu, ina asidi ndani. Lakini ile ngozi nyeusi na yenyewe ni ndugu wa kutu, wote ni chuma kilichoungana na hewa. Asidi haina macho ya kuchagua. Siki inafanya hivyohivyo. Inatoa kutu na inatoa na ngozi, unabaki na chuma cha kijivu kilicho uchi. Hatua ya pili, grenda na msasa. Hatua ya tatu, spreya ya dhahabu, ileile wanayopulizia rimu za bodaboda.

Nawaomba wadau mfanye kitu kimoja. Rudisheni video mwanzo, pale anapoigeuza ubavu. Simamisheni. Mtaona maandishi yamechongwa kwenye chuma: Webley, Birmingham. Alafu nendeni mwisho, ubavu uleule. Yako wapi? Kuna kivuli tu cha herufi mbili tatu, na juu yake dhahabu imejaa kwenye mifereji. Namba iliyokuwa chini haisomeki tena. Zile kona zilizokuwa kali kama kisu zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika.

Webley ni kampuni ya Birmingham, Uingereza, walianza kuuza bastola za upepo mwaka 1924. Watu wanaokusanya hivi vitu duniani wanasoma maandishi na namba ndio wanajua ni toleo gani na la miaka gani. Staa wetu kachukua cheti cha kuzaliwa cha chuma akakipiga msasa, alafu anatuambia kamrudishia mtoto utambulisho wake. Eti orijino! Nani alikwambia kiwandani waliitoa ikiwa na dhahabu ya rimu?

Najua mnapenda mambo ya mastaa, kwa hiyo nawapa mfano wa staa. Wote mnamjua James Bond. Ile picha maarufu ya Sean Connery kashika bastola ndefu kifuani, kavaa suti, picha za kutangaza filamu ya From Russia with Love ya 1963. Mnajua ile haikuwa bastola ya risasi? Siku ya kupiga picha, ile bastola ya filamu ilisahaulika. Mpiga picha, David Hurn, alikuwa na bastola yake ya upepo, Walther LP53, ya kulengea shabaha kwa kujifurahisha. Akampa Connery ashike. Ndio hiyo dunia nzima ikaiona. Mwaka 2010 ikapigwa mnada London, pale Christie's, ikauzwa zaidi ya pauni 277,000. Bastola ya upepo!

Watu walilipa hela ile kwa sababu chuma kilekile alichoshika mtu yule siku ile bado kipo, na unaweza kukilinganisha na picha. Angetokea mjanja mmoja akakipiga msasa na kupuliza dhahabu ili kipendeze, angekuwa ameua ushahidi.

Sasa mtasema, we mwandishi, ya babu wa Kongwa sio ya James Bond. Haya, tuongelee Kongwa.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja kwenye ukame wetu huu na ndoto ya kulima karanga mamilioni ya ekari. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda. Udongo ukiisha mvua ukawa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Mvua zenyewe mnazijua za huku. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimeteketea. Wazungu wakaondoka. Waliobaki ni babu zetu, waliofyeka ule msitu kwa mikono yao. Na wao kilichobaki mikononi ni vitu vidogo: sanduku la bati, taa ya chemli, saa isiyotembea, bastola ya upepo.

Babu wa kawaida wa Kigogo hana kitabu kilichoandikwa kuhusu yeye. Ana vitu. Ule mshikio uliopauka, ulipauka kwa jasho la kiganja chake. Pale ngozi nyeusi ilipokuwa imelika na kubaki chuma cheupe, ndipo kidole chake kilipokuwa kinakaa. Hiyo ndio ilikuwa picha yake pekee, na mjukuu wake ameifuta kwa ajili ya laiki.

Na huu ugonjwa wa kung'arisha haukuanza na bastola. Mnajua neno hela limetoka wapi? Limetoka kwenye Heller, sarafu ya Mjerumani, alianza kuitumia hapa mwaka 1904, heller 100 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1916 vita vikiwa vimewabana, Wajerumani wakawa wanagonga sarafu zao hapahapa uwandani, Tabora, kwenye karakana ya reli. Zile za heller 20 zina herufi T. Waligonga mpaka za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe kutoka Sekenke, huko Iramba. Septemba mwaka uleule Wabelgiji wakaichukua Tabora, kazi ikaisha. Sarafu hizi zina historia yetu tupu. Lakini nenda kwa wauza vitu vya kale, utakuta kijana anazisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba ili ziwake. Mkusanyaji akija akiona imesuguliwa, anaiweka chini au anakupa bei ya kutupa. Muuzaji anabaki analaumu uchawi.

Kwa akili hiyohiyo, kesho twende Kolo kule Kondoa, michoro ya miambani ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, tumpe kijana kopo la rangi nyekundu aipake upya maana imefifia. Mbona mnacheka? Ni jambo lilelile.

Haya, povu. Najua litakuja, kwa hiyo nijibu mapema.

Wa kwanza atasema: ni mali yake, anafanya anavyotaka. Kweli kabisa. Angeipaka hata rangi ya bendera ya timu yake asingenihusu, ilimradi aseme nimeipaka rangi. Lakini unapoinadi kwa mamilioni na kuandika orijino, hapo haupo tena kwenye mali yako, upo kwenye mfuko wa mtu mwingine. Huo ni uongo wa sokoni. Muuza mahindi akiweka mawe chini ya gunia tunamuita tapeli, kwa nini huyu tumuite mbunifu?

Wa pili atasema: ilikuwa na kutu, aiache ioze? Hapana, hakuna aliyesema iachwe ioze. Yule mzee alinionyesha tofauti kwa kidole. Kuna kutu nyekundu inayoacha unga ukiigusa, hiyo inakula chuma, izuie leo. Na kuna ukahawia uliotulia, laini, hauachi kitu kwenye kidole. Huo ni uzee. Uzee hauna dawa na wala hauhitaji dawa.

Wa tatu atasema: mbona magari ya zamani yanapakwa rangi? Yanapakwa, na mabingwa wa kazi hiyo wanatafuta rangi ileile ya kiwandani, njia ileile, na kila kilichobadilishwa kinaandikwa. Na hata hivyo, gari la zamani ambalo rangi yake ya kwanza bado ipo, watu wanalitafuta kwa tochi. Hata bastola inaweza kurudishiwa ile ngozi nyeusi na fundi anayejua. Lakini hiyo ni kwa kile kilichokwisha kuharibika, na ukiuza unasema, hii imerudiwa. Ya babu ilikuwa bado na ngozi yake zaidi ya nusu. Tuliiona wote kwenye sehemu ya "kabla". Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha ushahidi!

Nimeongea sana, ngoja niwape na cha kufanya, msiseme napiga kelele tu. Kama una kitu cha chuma cha wazee nyumbani, fundi anasema hivi. Kifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, na vumbi la Dom mnalijua. Paka mafuta ya cherehani, kidogo, acha usiku mzima. Pale penye kutu nyekundu, sugua taratibu ukiwa na mafuta, kwa kipande cha shaba kisichokuwa na ncha, maana shaba ni laini kuliko chuma cha pua, inakwangua kutu bila kuchana kilicho chini. Futa. Angalia. Rudia kesho kama bado. Ukifika mahali unajiuliza niendelee au niache, acha. Mbao ifute tu, usiipige vanishi. Usiloweke kwenye soda, siki wala ndimu. Usiguse maandishi. Na kabla hujafanya lolote piga picha, pande zote, na muulize mzee wako kilitoka wapi, andika jina na mwaka kwenye karatasi, weka pamoja na kitu chenyewe. Ile karatasi inaweza kuzidi thamani ya chuma.

Na kama ni silaha ya aina yoyote, hata ya upepo, kwanza nenda kituo cha polisi uulize taratibu. Nchi hii ina sheria ya silaha ya mwaka 2015, sio ya kuchezea kwenye video. Halafu ile tabia ya kuielekezea kamera na kuwaelekezea washikaji huku mnacheka, acheni. Usiku Nkuhungu hakuna atakayekuuliza kama ni ya upepo au ya risasi.

Nimalizie na hii, ndiyo iliyonifanya niandike.

Jana mdau mmoja, dada, kanitumia ujumbe. Kaka yake aliona ile posti ya biashara. Akachukua cherehani ya bibi yao, zile nyeusi zenye maua ya dhahabu ubavuni, bibi aliyosomeshea watoto wake wote kwa kushona sare za shule. Bibi alikuwa kalala. Ikarudi baada ya siku tatu, nyekundu, inang'aa, maua hayapo hata moja, na rangi imeingia kwenye vyuma vya ndani, gurudumu halizunguki. Kaka mtu akategemea bibi afurahi. Bibi alipapasa pale palipokuwa na maua, akauliza, "Yangu mmeipeleka wapi?"

Anasema bibi haamini kwamba ndiyo ileile. Mpaka leo anauliza.

Staa wetu, najua unasoma blogu hii maana chawa wako wananitumia picha za mlichosema kwenye grupu. Sikutaji na sitakutaja. Nakuomba vitu vitatu. Futa neno orijino kwenye lile tangazo, andika imepakwa rangi. Rudisha nusu ya hela kwa wale ambao vitu vyao bado havijaguswa, uvirudishe kama vilivyo. Na nenda Majengo mchana, bila kamera, umpe yule mzee shikamoo yake na umwombe radhi. Wiki hii nilipokaa kwake saa mbili alikuja mteja mmoja tu, mtoto aliyetumwa kujaziwa upepo baiskeli. Mzee akamjazia bure.

Hiyo bastola haiwezi kurudi tena. Kipato cha mzee bado kinaweza kurudi, na hilo liko mikononi mwako.

Wadau, povu ruksa. Ila kabla hujaandika, nenda kaangalie chini ya kitanda cha bibi yako kuna nini, alafu njoo utuambie kwenye komenti kilitoka wapi. Nitasoma zote.